Je, Mungu Huwatumia Wakubwa Tu?

Kati ya kina mama wauza omena pale Kibuye, Kisumu, na hata kanisani, utasikia hivi: kubadilisha dunia ni kazi ya maaskofu na wahubiri wa mikutano mikubwa, sisi wengine ni kuomba na kutoa sadaka. Ni rahisi kuamini hivyo, maana majina tunayokumbuka ni ya wakubwa.

Sasa fungua 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu (Siria ya kale), anaponywa ukoma. Nani aliyeanzisha safari hiyo? Msichana mateka, mtumishi wa nyumbani, aliyemwambia bibi yake, mke wa Naamani, sentensi moja tu: kwamba nabii wa Samaria angeweza kumponya bwana wake. Jina lake halikuandikwa. Mfalme wa Israeli alipoletewa barua ya kumtaka amponye Naamani, alirarua mavazi yake kwa hofu (hapo mimi hutabasamu kidogo). Katika Matendo 23, mpwa wa Paulo aliokoa maisha ya mjomba wake kwa kupeleka habari za njama ya kumwua.

Viongozi wana nafasi yao; nabii Elisha alihitajika pia ili Naamani apone. Ukitaka kuhakikisha, usitegemee mahubiri wala maelezo yangu. Soma sura nzima, kisha uulize nani alisema au kutenda kwanza. Anza na Yohana 6:9: mikate mitano ambayo Yesu aliwalisha watu elfu tano ilikuwa ya shayiri, chakula cha maskini, na aliyekuwa nayo alikuwa mtoto.