Si wote waliovuka mpaka wa Mexico
Ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Nairobi: eti wahamiaji wasio na vibali Marekani ni Wamexico waliovuka mpaka juzi, wakajaa Texas. Si kweli. Wamexico walikuwa zaidi ya nusu mwaka 2007. Kufikia 2017 walishashuka chini ya nusu, na wengi wa wahamiaji hao walikuwa wameishi huko zaidi ya miaka 10. Wengine waliingia kwa ndege, viza zikaisha. California na Texas zinaongoza, lakini Florida, New York na Illinois pia zina wengi.

Watu huchanganya idadi ya wanaokamatwa mpakani na ya wanaoishi nchini, ilhali mtu mmoja aweza kukamatwa mara tatu na kurudishwa. Angalia makadirio yanayotokana na takwimu za sensa, ukilinganisha miaka. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.