Usaha Kukatika Si Kupona Kisonono

Kijidudu cha kisonono hakikubali kuoteshwa popote tu. Maabara tunakiandalia damu iliyopashwa moto hadi ikawa ya kahawia, ikagandishwa kwenye kisahani bapa. Sisi huiita chokoleti, ingawa harufu yake haina uhusiano na chokoleti hata kidogo. Kisahani kinaingizwa kwenye mtungi pamoja na mshumaa unaowaka, kifuniko kinafungwa, mshumaa unazima wenyewe, na hewa inayobaki mle ndani ndiyo inayokifaa.

Ili tujue dawa gani itakiua, juu yake tunapanga vijikaratasi vya mviringo, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake dawa yenye nguvu utaiona imezungukwa na uwanja mtupu. Iliyoshindwa, vijidudu vimeota hadi vikaigusa, kama nyasi zinavyosonga ukuta. Siprofloksasini, iliyotegemewa hapa Kenya kwa miaka mingi kutibu kisonono, siku hizi mara nyingi haina uwanja wowote.

Na bado watu wanaimeza. Kijana mmoja alinifungulia kibahasha cha kaki kutoka duka la dawa la mtaani kwake: vidonge vya rangi mbili vinne vilivyosalia, na vyeupe viwili asivyovijua jina. "Daktari, nilimeza siku mbili, ya tatu usaha ukakata, nikaacha. Sasa umerudi, na kukojoa ni moto." Vijidudu dhaifu vilikuwa vimekufa. Vilivyoihimili dawa vikabaki na nafasi yote peke yao, na kabla hajafika kwetu alikuwa ameshalala na mkewe.

Mkewe hakuwa na dalili. Wanawake wengi hawana, ilhali kisonono kinapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Mtoto naye akipita njiani wakati wa kuzaliwa aweza kuharibika macho. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na katika ugonjwa huu msemo huo ni wa kweli neno kwa neno.

Kijidudu hiki kina historia ya kuzishinda dawa. Salfa zilianza kukitibu miaka ya 1930, na muongo uliofuata zikawa zimelemewa. Ikaja penisilini, mwaka 1976 ikagunduliwa aina yenye kimeng'enya cha kuivunjavunja. Tetrasaiklini ikafuata, kisha siprofloksasini. Leo tegemeo kuu ni sindano moja ya seftriaksoni, nayo imeanza kutikiswa: mwaka 2009 Japani ilipatikana aina iliyoihimili, na mwaka 2018 Uingereza ikaripoti mgonjwa ambaye sindano hiyo haikumponya, na kijidudu chake kiliihimili vikali hata dawa nyingine, azithromisini. Alikuwa ameambukizwa Asia ya Kusini-Mashariki. Sisi wa Mombasa, mji wa bandari, hatuna haja ya kuuliza vitu husafiri vipi. Anayeambukizwa hapa Changamwe Jumamosi, Jumatatu huenda yuko Mtito Andei, njiani kwenda Nairobi, na lori lake.

Mahali ninapopahofia zaidi ni kooni. Ngono ya mdomo hukifikisha kisonono huko, na kwa kawaida hakiumi wala hakitoi usaha. Kooni wanaishi bakteria jamaa zake wasio na madhara, ambao wamekutana na kila dawa tuliyowahi kumeza kwa kikohozi na mafua (mafua ambayo, kusema kweli, hayakuhitaji antibiotiki kamwe). Kisonono huokota vipande vya vinasaba vya jamaa hao na kuvifanya vyake. Isitoshe, dawa nyingi hufika kooni kwa kiasi kidogo.

Kaswende, kwa bahati, bado inasalimu amri kwa penisilini ya sindano. Usiuchanganye ugonjwa huo na huu, wala usitumie dawa ya jirani.

Ukiona usaha, ukihisi moto wakati wa kukojoa, au mwenzio akikwambia ametibiwa, fika kituo cha afya kabla hujameza chochote. Sampuli ya mtu aliyekwisha kumeza dawa mara nyingi haioti kitu, nasi tunabaki kutazama kisahani kitupu. Njoo na mwenzio, au mwambie aende kwingine atakakojisikia huru, mtibiwe nyote wawili. Kaeni siku saba bila kukutana. Zikipita na dalili zingalipo, rudi pale pale ulipochomwa sindano, useme wazi kwamba haikufanya kazi. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye tunayemsubiri kwa hamu kuliko wote, na mshumaa wake tutauwasha siku hiyo hiyo.