Ushindani maana yake nini? Anza na vibanda viwili vya mboga

Mtaani kwetu Nairobi, upande wa Umoja, kuna vibanda viwili vya mboga vinavyotazamana. Zamani kilikuwa kimoja tu. Mama mwenyewe alifunga sukuma kwa kipimo chake, majani ya manjano yamefichwa katikati ya fungu, na ukilalamika alikujibu bila kuinua macho: "Si uende Marikiti basi." Na nani ataenda hadi soko kubwa la mjini saa moja usiku kwa ajili ya sukuma ya ishirini?

Wa pili alipofungua, hakushusha bei hata shilingi. Alikuja na kisu. Unasimama hapo unapiga gumzo, yeye anakukatia sukuma nyembamba kama nyuzi, anakuongezea majani mawili matatu, kisha anarushia dania juu. Wiki mbili hazikuisha kabla ya kisu kuonekana upande wa pili wa barabara. Na majani ya manjano sijayaona tena.

Huo ndio ushindani: watu wawili au zaidi wanatafuta kitu kimoja ambacho hakiwezi kuwatosha wote, na kila mmoja anajitahidi kukipata kabla ya mwenzake. Kitu hicho kinaweza kuwa mteja, kazi, kura au nafasi ya shule. Neno lenyewe limejengwa juu ya *kushindana*, na hiyo *-ana* ya mwisho ndiyo ile ya kupigana na kupendana: haifanyiki na mtu mmoja. Kinyume chake sokoni huitwa ukiritimba, yaani biashara nzima kushikwa na mmoja. Mama wa kwanza alikuwa na ukiritimba wake mdogo wa saa moja usiku.

Watu wengi hudhani ushindani ni wingi wa wauzaji. Mimi nadhani tunahesabu kitu kisicho chenyewe. Cha kuhesabu ni milango ya kutokea: mteja akiudhika, anaweza kwenda kwingine bila kuumia?

Chukua matatu, yale magari madogo ya abiria. Kabla ya mwaka 1973, mabasi ya Kenya Bus ndiyo yaliyoruhusiwa kubeba abiria Nairobi, na matatu zilikuwa zinabeba kwa kujificha. Mwaka huo Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu zifanye kazi bila ile leseni ya magari ya abiria, na leo huwezi kusimama jijini dakika mbili bila makanga kukuita. Kwa hesabu ya wingi, huo ni ushindani mkali kuliko wote. Sasa nenda steji jioni, mawingu yametanda. Magari kumi yamepanga foleni, lakini linalopakia ni la kwanza tu. La pili haliiti mtu hadi hilo lijae. Nauli iliyokuwa hamsini imekuwa mia. Ukiuliza kwa nini, makanga anaonyesha juu kwa kidole. Na gari la nyuma yake haliwezi kukubeba kwa themanini, kwa sababu wenzake hawatakubali. Magari ni kumi, mlango ni mmoja.

Ushindani unarudi gari likishatoka steji, na hapo ndipo unapotisha. Dereva ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na kinachobaki juu yake ndicho chake na makanga wake. Kwa hiyo abiria aliyesimama pale mbele ni pesa ya nani atakayemfikia kwanza. Wanapanda kando ya barabara, wanakatiana kona, wanasimama katikati. Nguvu ileile iliyoniletea dania ya bure inataka kuniua Jogoo Road. Tofauti ni kitu kinachogombewa: kule ni kuridhika kwangu, huku ni kuniwahi tu. (Nganya za Rongai, yaani matatu zilizopambwa zenye muziki mkubwa, ni habari nyingine, kule kuna vijana wanaoacha gari tatu zipite wakingoja yenye muziki wanaoutaka. Wao wana mlango.)

Simu zinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 2000 tulikuwa na kampuni mbili, Safaricom na Kencell. Kencell ilitoza kwa dakika, Safaricom kwa sekunde, na sisi wa kupiga simu za "niko hapa, toka nje" tulijua haraka pa kwenda. Miaka 10 baadaye mdhibiti wa mawasiliano alipunguza ada ambayo kampuni moja humlipa mwenzake ili simu ivuke mtandao, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain, ambayo ndiyo ile Kencell kwa jina jipya, ikateremsha bei ya kupiga hadi shilingi 3, na wengine wakalazimika kufuata. Aprili 2011 tukaruhusiwa kuhama kampuni na namba zetu zilezile. Mlango umefunguliwa wazi, sivyo? Waliohama walikuwa wachache. M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma na kuweka pesa kwa simu, ilikuwapo tangu 2007, na M-Pesa haikuhama na namba. Kilichokuwa kimewashika watu ilikuwa pesa.

Deni la dukani nalo hushika hivyohivyo. Ukiwa unadaiwa na mwenye duka la kona, huwezi kupita mbele yake na mkate ulionunua kwingine. Unazunguka nyuma ya kanisa.

Kuna mlango unaofungwa kwa makusudi pia: wauzaji wanakaa mezani na kupanga bei. Kwa sheria ya Kenya hilo ni kosa. Sheria ya Ushindani ilipitishwa mwaka 2010 na ndiyo iliyounda Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo mwaka 2023 ilizitoza kampuni 9 za chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupanga bei. Aliyekuwa akijenga chumba kimoja Ruai angezunguka maduka yote ya vifaa vya ujenzi akidhani anatafuta bei nafuu, kumbe anazunguka palepale. Mafuta ya gari ni tofauti kidogo: kila tarehe 14 ya mwezi serikali hutangaza bei ya juu kabisa, na vituo karibu vyote huuza papo hapo kwenye bei hiyo. Kwa hiyo wanagombea wateja kwa choo safi na upepo wa bure wa magurudumu.

Bei ikishuka, hata hivyo, kuna mtu anayeibeba. Uber, kampuni ya teksi za kuitwa kwa programu ya simu, iliingia Nairobi mwaka 2015, kisha wakaja wengine, na wakaanza kushushiana nauli. Sisi abiria tulifurahi. Madereva walianza kugoma, maana mkopo wa gari haushuki, petroli haishuki, na kampuni inakata kamisheni yake kwanza. Leo dereva ana programu mbili au tatu kwenye simu moja mbele ya usukani, naye anazichagua kama mimi ninavyochagua kibanda. Juzi mmoja alikubali safari yangu, kisha akapiga simu kabla hajaja.

"Boss, unaelekea wapi?"

"South B."

"Na huko kwako inaonyesha ngapi?"

"Mia mbili na themanini."

Akanyamaza kidogo. "Weka mia tatu na hamsini, nikujie sasa hivi."

Nikafungua programu ya pili nione huko ni ngapi. Mia tatu na ishirini. Nikamwambia, naye akasema sawa, iwe hiyo.