Vizibo, dadu na ziwa la kitambaa: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu mchezo wa vita wa timu

Tukipanga meza kwenye ukumbi tunaoukodi Kirumba, Mwanza, hakosi mtu wa kusimama mlangoni. Anaona kitambaa cha bluu kimetandazwa juu ya meza tatu, mawe yamekaa juu yake kama visiwa, vizibo vya soda zaidi ya mia mbili, na watu wazima kumi wameinama na futi za fundi cherehani. Maneno anayosema huwa ni yale yale, na mengi hayana ukweli. Nayaandika hapa kwa sababu mchezo huu naupenda, na ningetaka kuuona ukichezwa Bukoba, Musoma na Geita pia.

Kwa asiyeujua: pande mbili zinapigana kwa vipande vidogo juu ya meza yenye milima, maji na njia. Kipande hakisogei chumba kwa chumba kama kete ya drafti. Kina umbali wake kwa kila zamu, na umbali huo unapimwa kwa futi. Shabaha huamuliwa kwa dadu na kanuni. Ukichezwa kwa timu, kila upande una watu watano au sita, kila mmoja na kikosi chake, na juu yao mkuu mmoja.

"Hayo ni mambo ya watoto."

Asili yake ni jeshini. Mwaka 1812, huko Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani, von Reisswitz alimwonyesha mfalme meza ya namna hii. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa, alichapa kanuni zake, na jeshi likaanza kufundishia maofisa wake kwa mchezo huo. Nafasi ya mwamuzi, yule anayepokea amri za pande zote mbili na kusema nini kimetokea, ilikuwapo tangu enzi hizo. Watoto wanakaribishwa, na wengine wanatushinda vizuri tu.

"Bila sanamu za kuagiza Ulaya huchezi."

Sanamu ndogo za askari za kupakwa rangi ni nzuri, sibishi. Lakini kijiwe chochote cha drafti hapa Mwanza kilishamaliza suala hili zamani: upande mmoja vizibo vimefunikwa, upande wa pili vimefunuliwa, na hakuna anayechanganya. Sisi tunabandika kipande cha karatasi chenye namba juu ya kizibo, basi. Meli zetu ni mabaki ya mbao kutoka kwa seremala, zimepigwa msasa, kila moja na kijiti cha meno kwa mlingoti. Mawe, kwa mji huu, ni ya kuinama na kuokota.

Kitu cha kuangalia ni meza, maana mkono wa mtu unafika sentimita 75 hivi. Meza ikizidi upana wa sentimita 150, katikati hapafikiki, mtu anapanda juu ya kiti na mkono wa shati unazoa kikosi kizima.

"Anayeshinda ni mwenye bahati ya dadu."

Hili nalisikia hata kwa waliocheza. Tuseme kila dadu inayoonyesha 5 au 6 ni risasi iliyopata. Ukirusha dadu 3, uwezekano wa kutoka mtupu ni 8 kati ya 27, yaani karibu 30 kwa mia. Ukirusha dadu 12, uwezekano wa kutoka mtupu unashuka chini ya 1 kwa mia, na kwa wastani utapata 4. Kwa hiyo aliyekusanya vikosi vyake mahali pamoja ameibana bahati, na aliyevitawanya ameifungulia mlango. Mtu akilalamika kwamba dadu zimemkataa, mimi huhesabu kwanza alirusha ngapi.

"Kwenye timu, fundi mmoja anawaza, wengine wanasogeza."

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi. Wanadhani mchezo wa timu ni mchezo wa watu wawili uliogawiwa mikono mingi. Kwetu mkuu haoni meza kabisa. Anakaa korido na ramani yake, anaandika amri kwenye karatasi, karatasi inakwenda kwa mwamuzi, na mwamuzi anaishikilia zamu moja au mbili kulingana na umbali wa kikosi. Inapomfikia mwenye kikosi, hali imeshabadilika, na ni yeye anayeamua afanye nini nayo.

Tulikuwa tunacheza Mwanza ya mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika historia, majeshi ya Waingereza yalikuja kwa njia ya ziwa, yakachukua Ukerewe mwezi Juni, Julai yakashuka nchi kavu mashariki ya mji, na ilipofika tarehe 14 Wajerumani walikuwa wanauacha mji na kurudi kusini. Siku hiyo mkuu wa upande wa ziwa nilikuwa mimi. Nikaandika: "Shusha watu upande wa kulia, haraka." Kwenye ramani yangu kaskazini iko juu, kulia ni mashariki. Karatasi ikamfikia dada anayeuza dagaa soko la Mwaloni, aliyeshika meli tatu. Meli zake zilitoka kaskazini, zimeelekeza pua kusini. Kulia kwake ni magharibi. Akashusha watu wake magharibi, mbele ya mizinga yote ya mji.

Mchezo ulipokwisha akaja na ile karatasi mkononi. "Kaka, kulia kwangu au kulia kwako?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ametii nilichoandika, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo hakuna anayeandika kulia wala kushoto. Ni mashariki, magharibi, au jina la mahali. Na mwenye kikosi ana ruhusa ya kurudisha karatasi akiulizia, hata kama itamlia zamu nzima. Nimejifunza kuandika vizuri zaidi pale korido kuliko darasani.

Wapo pia wanaosema wachezaji wakiwa wengi mchezo hauishi. Huisha, mradi upande mzima usogee kwa wakati mmoja badala ya kungojana mmoja mmoja. Saa nne zinatutosha. Tunapanga siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika, maana wawili kati yetu ni wavuvi.

"Wanawake hawauwezi."

Mwaka 1942, mjini Liverpool, Uingereza, kapteni Gilbert Roberts alisimamia kitengo cha jeshi la majini kilichocheza sakafuni vita dhidi ya nyambizi za Ujerumani. Wengi wa waliouendesha mchezo walikuwa wasichana, wakiwamo Jean Laidlaw na Janet Okell. Maofisa wa meli waliokuja kujifunza walifichwa nyuma ya turubai lenye matundu, waone kile tu ambacho wangekiona baharini. Mbinu zilizopatikana pale, ya kwanza wakiiita Raspberry, zilitumika kweli Atlantiki. Korido yetu tuliiga kwenye turubai lile.

"Mnafundisha watu kupenda vita, tena vita vya wazungu."

Hili la mwisho naliheshimu, kwa sababu mara nyingi anayelisema ni mzee. H. G. Wells, mwandishi Mwingereza aliyechapa kanuni za mchezo wa askari wadogo mwaka 1913, aliandika kwamba kuucheza mara chache kunatosha kumwonyesha mtu jinsi vita vya kweli vilivyo upuuzi mtupu. Mimi nimeuona ukweli wa maneno hayo.

Na vita vile vya 1916 havikuwa vya wazungu peke yao. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikwenda wapagazi kwa mamia ya maelfu, wakibeba risasi na unga. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi chao upande wa Waingereza, Carrier Corps. Magonjwa na njaa viliwaua wengi kuliko risasi.

Kwa hiyo kwenye meza yetu wapagazi wapo. Ni choroko, punje kumi nyuma ya kila kikosi. Kila zamu ya kusonga inakula punje moja, mvua ikitangazwa mbili, na punje zikiisha kizibo hakisogei hata kama njia iko wazi. Mzee mmoja jirani wa ukumbi alitukuta mwamuzi anaziondoa, akauliza ni za nini. Alipoambiwa alivuta kiti, akakaa kimya mpaka mwisho, na mchezo uliofuata alikuja mapema akaomba apewe yeye kazi ya kuzihesabu.