Hatukati kesi: kinachofanyika wanandoa wakifika kwa mwanasaikolojia Lubumbashi

Wanandoa wengi wanaofika ofisini kwetu huwa wamekwisha kupita kwingine. Wamekaa mbele ya wazee wa pande zote mbili, wamekaa mbele ya pasta au padri, wasimamizi wa ndoa wameamshwa usiku. Kila mahali swali lilikuwa moja: nani alianza? Mmoja akaonekana mwenye makosa, akaomba msamaha, wakarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili moto ukawaka tena. Ndiyo maana wakikaa mbele yangu, kila mmoja anakuja na hesabu ya makosa ya mwenzake, akingoja nitoe hukumu. Siitoi.

Sisemi kazi ya wazee haina maana. Wanajua mmetoka nyumba gani, na ugomvi mwingi huishia mikononi mwao. Hata sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inataka wanaoomba talaka waitwe kwanza ili wapatanishwe. Lakini mzee anatafuta kosa. Mimi naangalia namna mnavyogombana.

Nitoe mfano, nilioukusanya kutoka nyumba nyingi ili mtu yeyote asitambulike. Mume anafanya kazi mgodini upande wa Fungurume. Anakaa huko wiki kadhaa, kisha anarudi Katuba kwa siku chache. Mke anauza unga sokoni na kulea watoto peke yake. Siku mume anaporudi, mke ana mambo ya siku zote hizo kifuani: karo ya shule, paa linalovuja, homa ya mtoto wa mwisho. Anayaanza mlangoni, mume hajavua hata viatu. "Unakuya kama mugeni, unaenda kama mugeni." Mume anatoa simu. Mke anapandisha sauti. Mume anasema, "Mi minachoka na maneno," anatoka lupangoni na kurudi usiku wa manane.

Wakinisimulia ugomvi huo, wanaurudia palepale. Mke anasogea ukingoni mwa kiti, mume anainamia simu iliyo juu ya goti lake. Simu yenyewe imezimwa, maana mlangoni tunaomba zizimwe. Anatazama kioo cheusi.

Mke atakwambia anamfuata kwa maneno kwa sababu mume anakimbia. Mume atakwambia anakimbia kwa sababu anafuatwa. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo kesi inaposhindikana kukatwa. Sue Johnson wa Kanada, ambaye pamoja na Leslie Greenberg alianzisha katika miaka ya 1980 mojawapo ya tiba za wanandoa zilizochunguzwa zaidi, alijenga kazi yake juu ya mawazo ya daktari Mwingereza John Bowlby. Bowlby alichunguza watoto waliotengwa na wazazi wao: wengine walilia na kung'ang'ania, wengine wakanyamaza kana kwamba hawajali, na wote walikuwa na hofu ileile. Mtu mzima hayuko mbali na hapo. Ndani ya neno "mugeni" kuna mke anayeogopa kwamba hahitajiki tena isipokuwa kupika bukari. Ndani ya ule ukimya kuna mume anayejiona ameshindwa kila anapofungua kinywa.

Kwa hiyo simwambii mke aache kelele wala mume aache simu. Namwuliza mume: hapo kwenye kioo unatafuta nini? Wengi hukaa kimya muda mrefu. Mmoja akisema, "Niko natafuta kwa kujificha," yaani anatafuta mahali pa kujificha, mkewe hugeuka kumtazama, kwa sababu kwa miaka yote alidhani ile ni dharau. Sentensi moja kama hiyo hufanya kazi kuliko mawaidha yangu ya saa nzima.

Dharau ya kweli ipo pia, na naiogopa. Mtafiti John Gottman wa Seattle, Marekani, kwa miaka mingi aliwatazama wanandoa wakigombana huku vyombo vikipima mapigo ya moyo wao, na katika yote aliyoyaona, dharau ndiyo aliyoiweka mbele kama dalili ya ndoa inayoelekea kuvunjika. Kwetu unaijua: kusonya, kugeuza macho, kumkumbusha mke mahari mbele ya watoto, kumtukania mtu kabila lake au mama yake. Gottman aliona pia kwamba moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika, masikio ni kama yamezibwa. Mwili unahitaji angalau dakika 20 ili utulie. Basi kutoka nje siyo kosa, kosa ni kutoka bila kusema unarudi lini. "Nimekasirika, nipe nusu saa, nitarudi tuongee," halafu urudi kweli.

Ugomvi wa makuta, yaani fedha, ndio unaonichukua muda zaidi. Wengi wa wanandoa wa umri wa kati tunaowapokea walikuwa watoto wakati Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, mwaka 2003 na 2004. Baba aliyezoea mshahara na gunia la unga wa kampuni alirudi nyumbani na fedha za mara moja. Zilipokwisha, mama alianza kuuza sokoni, na mezani hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo. Mtoto wa meza ile leo ni mume anayeficha mshahara wake, au mke anayeweka akiba kwa siri kwa dada yake. Wakielezana walichokiona utotoni, swali la nani kaficha nini linaanza kuulizwa kwa sauti nyingine.

Kazi yenyewe huendaje? Kikao cha kwanza mnakuja pamoja, kisha nakutana na kila mmoja peke yake, kisha tunaendelea watatu, mara nyingi kwa kati ya vikao 8 na 20 vya saa moja au zaidi kidogo. Mwanzoni kabisa tunakubaliana siri zitashughulikiwaje.

Kile kikao cha peke yake kina sababu nzito. Kuna nyumba ambazo siwezi kuzikalisha pamoja. Mke akimwogopa mume, au mume akimwogopa mke, neno linalosemwa kwangu saa tisa linaweza kulipwa kwa ngumi saa tatu usiku. Hapo hatuanzi na mapatano. Tunaanza na usalama wake, daktari, na mahali pa kulala.

Na matokeo? Andrew Christensen na Neil Jacobson walianzisha Marekani utafiti wa wanandoa 134 waliokuwa na ugomvi mzito wa muda mrefu. Miaka mitano baada ya tiba, karibu nusu walikuwa na hali bora wazi kuliko walipofika, na takriban robo walikuwa wametengana. Nawatajia hesabu hizi wanandoa siku ya kwanza, bila kupunguza.

Kama unataka kumwomba mwenzako mje, usimwombe usiku wa ugomvi, wala usitumie wakwe. Ngoja siku ya utulivu, useme "nataka tusaidiwe", usiseme "wewe una shida". Kama anafanya kazi mbali, chagueni tarehe kabla hajaondoka. Akikataa, njoo peke yako: tutaanza na hatua zako wewe katika ule mchezo wa kufuata na kukimbia, na wake wengi na waume wengi wameingia mlangoni mwetu mara ya kwanza hivyo, kiti cha pili kikiwa kitupu.