Je, wajua? Mkono wa turnadiski (mashine ya kupiga santuri) unaotembea mstari mnyoofu unajuaje pa kwenda?

Turnadiski nyingi mkono wake unazunguka kwenye egemeo moja. Lakini iko zile za zamani, kama Beogram 4000 ya Bang & Olufsen ya mwaka 1972, mkono unateleza mstari mmoja toka pembeni mpaka katikati, na watu wakiiona hapa Lubumbashi wanasema ni mota inausukuma kwa spidi moja, ama ni mfereji wa diski, ule mstari wa sauti sindano inamopita, unauvuta kwenye reli.

Hapana, yote mawili si kweli. Spidi moja haiwezekani kabisa juu mifereji haina nafasi sawa. Pale besi inapiga kwa nguvu aliyekata diski kiwandani aliiachia nafasi ili isigongane, pale sauti iko chini aliibana, na kati ya wimbo na wimbo sindano inatakiwa ikimbie. Mota ya spidi moja ingeachwa nyuma ama ingetangulia, na sindano ingeruka. Kuvutwa na mfereji nako, iko mikono michache inayoelea juu ya hewa iliyoshindiliwa, hiyo kweli inavutwa, lakini hizi za nyumbani zinabeba kigari kizima kinachoshika mkono, na sindano inalalia kwa gramu moja na kidogo tu, haiwezi kukokota mzigo huo.

Kinachofanyika ni kama kuchunga mbuzi kwa kamba kando ya barabara. Mbuzi anakula anasogea, kamba inakaza kidogo, unapiga hatua, kamba inalegea, unasimama. Mwendo anauamua mbuzi, ila miguu inayokubeba ni yako. Sindano ndiyo mbuzi, kigari ndicho mchungaji, na kamba ni mwanga: ndani iko taa ndogo, kitundu chembamba na jicho la umeme. Mkono ukipinda kidogo sana, mwanga unaofika kwenye jicho unabadilika, mota inasogeza kigari mpaka mkono unyooke, inatulia. Kwa hiyo huo mkono "mnyoofu" kila mara unapinda kidogo na kurekebishwa, na mimi hapo ndipo napapenda kuliko pote! Diski ya sentimita 30 ikipiga dakika 20 kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, inazunguka kama mara 667 na kigari kinatembea sentimita nane tisa tu, yaani kila mzunguko kitu kama milimita 0.13.

Sababu ya shida yote hii ni kwamba mashine iliyokata diski ilikwenda mstari mnyoofu. Mkono wa kawaida unapita kwenye upinde, unakaa sawasawa sehemu mbili tu, kwingine unakosea mpaka digrii mbili hivi. Ukifungwa vizuri bado unapiga vizuri sana, usiutupe.

Ila diski za spidi 78 (mizunguko 78 kwa dakika), kama zile za mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda aliyerekodiwa Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, usiziweke kwenye hiyo Beogram. Inazunguka 33 na 45 tu, na mfereji wa 78 ni mpana, unataka sindano yake.

Na ukiipata iliyokaa miaka, ikawa inarudiarudia mfereji uleule, usikimbilie kununua sindano. Mara nyingi grisi ya reli imeganda ama mkanda wa mpira umelegea, kigari hakifuati, mkono unapinda kupita kiasi na sindano inarudishwa nyuma. Zima umeme, futa grisi ya zamani yote, paka mafuta mepesi kidogo, badilisha mkanda. Kigari usikisukume kwa nguvu.