Soketi ya muda kwenye saiti: maana yake, inavyofungwa na inavyoondolewa

Jengo linapoanza kuinuka halina waya hata mmoja ukutani, lakini grainda, drili, mashine ya kuchomelea na ile ya kutikisa zege vyote vinataka umeme tangu siku ya kwanza. Umeme huo huletwa kwa mfumo unaofungwa kwa ajili ya kazi peke yake. Unatumika, unahamishwa jengo linapopanda, na kazi ikiisha unaondolewa wote. Tundu la mwisho la mfumo huo, pale mtu anapochomeka plagi ya mashine yake, ndiyo soketi ya muda.

Jina lenyewe limewaponza wengi. "Muda" hueleza soketi itakaa siku ngapi, halisemi lolote kuhusu namna inavyopaswa kufungwa. Lakini kwenye saiti nyingi nimekuta neno hilo limegeuzwa kuwa ruhusa: kipande cha ubao, soketi ya sebuleni iliyopigwa misumari miwili, waya unaopita kwenye matope, na mtu ambaye mashine yake haina plagi amechuna ncha za waya, akazitia kwenye matundu na kuzibana kwa njiti za kiberiti. Ukimuuliza, anakujibu, "Ni ya muda tu." Sasa tazama zile njiti kwa karibu. Zimebana waya wa moto, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha. Waya wa ardhi umekunjwa nyuma, haujagusa kitu. Siku mashine itakapovujisha umeme kwenye bodi lake la chuma, njia ya kwenda ardhini itakuwa mwili wa huyo aliyeishika.

Soketi ya sebuleni ina maisha mepesi. Iko mahali pakavu, inatumiwa na watu walewale, na waya wake umefichwa ndani ya ukuta. Ya saiti inanyeshewa, inapigwa jua, inarushiwa zege, inagongwa na toroli, na inatumiwa na watu ambao wengine wamefika asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo ya muda ndiyo inayotakiwa kuwa imara zaidi.

Hesabu ya hatari ni fupi. Mtu mwenye mikono yenye jasho, aliyesimama kwenye udongo mbichi, mwili wake unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Akigusa volti 230, zinampita miliampea 230. Kwenye miliampea 10 tu misuli ya mkono huanza kukaza kiasi kwamba wengi hawawezi kuachia walichoshika. Zikizidi 30 na kuendelea kupita, pumzi na mapigo ya moyo viko hatarini. Na breka ya ampea 16 je? Ampea 16 ni miliampea 16,000, karibu mara 70 ya umeme unaomwangamiza mtu huyo. Breka haitasikia kitu, kwa sababu kazi yake ni kulinda kebo isiungue. Nasisitiza hili kwa kuwa nimewasikia hata mafundi wazoefu wakisema "breka ipo" kana kwamba wameshamaliza suala la usalama.

Kinachomlinda mtu ni RCD, swichi inayopima umeme unaotoka kwa waya wa moto na kuulinganisha na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana, maana yake kuna umeme unaopotelea njiani, huenda kupitia kwa mtu. RCD ya miliampea 30 hukata ndani ya sekunde 0.3 uvujaji unapofika kiwango hicho, na ndani ya sekunde 0.04 uvujaji ukiwa mara 5 yake. Marekani hutumia kifaa cha ukoo huohuo, GFCI, kinachokata kati ya miliampea 4 na 6. Kiliundwa mwaka 1961 na Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepima ni umeme kiasi gani mtu anaweza kuushika na bado akauachia. Vifaa hivi vina upofu mmoja ambao kila mtumiaji anapaswa kuujua: ukishika moto kwa mkono huu na nyutro kwa ule, umeme unaokwenda ni sawa na unaorudi, na RCD inakuona kama balbu.

Mfumo mzima una umbo la mti. Shina ni chanzo, yaani mita ya saiti au jenereta. Kutoka hapo kebo nene inaingia boksi kuu, inagawanyika kwenda maboksi ya usambazaji, kila ghorofa au kila upande na lake, na kwenye maboksi hayo ndiko ziliko soketi. Kiwango cha kimataifa IEC 60364-7-704 kinahusu mifumo ya umeme ya saiti za ujenzi na ubomoaji, na IEC 61439-4 kinahusu maboksi yenyewe. Soketi zake mara nyingi ni zile nene za mviringo zenye kifuniko, za IEC 60309, ambazo rangi yake inakwambia volti: njano kwa takriban 110, bluu kwa 230, nyekundu kwa 400. Pini ya ardhi imewekwa mahali tofauti kwa volti tofauti, kwa hiyo mashine ya volti 110 hata ukiilazimisha haiingii kwenye tundu la 230. Alama ya IP44 maana yake maji ya kurukia hayaingii, na hicho ndicho kiwango cha chini ninachokubali kwa soketi ya nje.

Uingereza walichagua njia nyingine ambayo mimi naiona ya busara kwa mashine za mkononi. Wanashusha umeme hadi volti 110 kwa transfoma ambayo katikati yake imeunganishwa na ardhi. Mashine inapata volti 110 zake, lakini mtu akigusa waya mmoja huku amesimama chini anakutana na volti 55 tu. Inauma, ila mara nyingi haiui.

Kufunga kunaanza na macho kabla ya bisibisi. Nani atafanya kazi wapi mwezi huu? Magari yanapita wapi? Boksi lisimame kwa miguu yake au lifungwe kwenye nguzo isiyotarajiwa kubomolewa, juu ya maji ya mvua, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kukimbilia kuzima. Kulining'iniza kwenye nondo au jukwaa la chuma ni kosa, maana kebo ikichubuka, jukwaa zima linakuwa na umeme. Na liwe karibu na kazi. Boksi likiwa mbali, watu wataunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni.

Umbali una gharama yake. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 hupoteza takriban volti 0.018 kwa kila ampea kwa kila mita. Ivute mita 50, mashine inywe ampea 16: zimepotea volti 14, zimebaki 216. Mtu akiongeza ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa 1.5, zinapotea nyingine 23 hivi. Mashine inapata volti 193. Mota inanguruma bila kushika mwendo, inachemka, na fundi anailaumu mashine. Baya zaidi, kebo ndefu na nyembamba inapunguza umeme wa shoti, hivyo breka inaweza kuchelewa kukata. Na kama ekstensheni ni ya kuviringisha kwenye ngoma, ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita 5 tu. Angalia ubavuni, ngoma nyingi zimeandikwa wati mbili tofauti, ndogo ikiwa imeviringwa na kubwa ikiwa imenyooshwa, kwa sababu iliyoviringwa haina pa kutolea joto.

Ndani ya plagi kuna jambo dogo ninalolipenda sana. Kibano cha mlangoni lazima kishike ganda la nje la kebo, wala si nyaya zenyewe, ili mtu akivuta, nguvu iishie kwenye ganda. Kisha waya wa ardhi unaachwa mrefu kidogo kuliko wenzake. Kebo ikivutwa hadi kibano kishindwe, moto na nyutro vitachomoka kwanza, na ardhi itakuwa ya mwisho kuachia. Sentimita mbili za waya, na mashine inabaki na ulinzi mpaka umeme wenyewe umekwisha kukatika. Kinyume chake ni ile tabia ya kuunganisha nyutro na ardhi ndani ya soketi ili "testa isome vizuri". Nyutro ikikatika mahali fulani nyuma, bodi la kila mashine iliyochomekwa hapo linakuwa la moto.

Kabla ya kuwasha, mfumo unapimwa: waya wa ardhi uwe mzima kutoka soketi hadi chanzo, moto na nyutro visiwe vimebadilishana, ganda la nyaya lipimwe kwa volti 500 na lisisome chini ya megaomu 1, na RCD ipimwe kwa mita yake. Kitufe cha majaribio kwenye RCD kibonyezwe mara kwa mara, ila kinathibitisha tu kwamba swichi inaruka. Hakijui kama waya wa ardhi umekatika.

Ekstensheni pekee, kwa njia, haiwi soketi ya muda kwa kulazwa sakafuni miezi mitatu. Hiyo ni kebo ya kuazima iliyosahaulika. Na soketi ya kudumu ya jengo ikiwashwa mapema ili wapaka rangi waitumie, siku hizo inafanya kazi ya soketi ya muda, na inadai ulinzi uleule.

Sasa kuondoa, sehemu ambayo watu huipa nusu saa ya mwisho ya Ijumaa. Wiki za mwisho za ujenzi zina hatari yake. Umeme wa kudumu umeingia, wa muda bado upo, na chumba kimoja kinaweza kuwa na nyaya za pande zote mbili. Ukizima boksi moja unadhani umezima zote. Niliwahi kuitwa kwenye jengo lililokuwa limeshakabidhiwa, seremala alikuwa akitoboa ukuta afunge kabati na RCD ikaruka. Tulipobomoa plasta tukakuta kebo nyeusi ya mpira, imekatwa kwa koleo, imefungwa tepu na kusukumwa ndani ya tofali. Ncha ya pili ilikuwa bado imeunganishwa, chumba cha mashine, kwenye breka isiyo na lebo. Tepu ilikuwa imelainika na kuteleza, na shaba mbili zilikuwa zinang'aa. Aliyeikata siku ile huenda alijiambia angeirudia kesho. Yule seremala aliokolewa na swichi aliyoifunga mtu mwingine.

Ndiyo maana kebo hufunguliwa kwanza upande wa chanzo, kisha ndipo ikakunjwa kuelekea mwisho wake. Ukianza mwisho, unabaki na mkia ulio hai mkononi. Na kabla ya hapo kuna utaratibu usio na njia ya mkato. Watumiaji wanaambiwa, mashine zinachomolewa, swichi ya chanzo inazimwa na kupigwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule atakayeingiza mikono. Jenereta nayo ifungwe, maana inaweza kurudisha umeme kupitia njia ambayo hukuifikiria. Kisha testa: ijaribu kwanza kwenye umeme unaojua upo, pima nyaya ulizozima, moto na nyutro, moto na ardhi, nyutro na ardhi, halafu urudi kuijaribu tena pale pa kwanza. Testa iliyokufa katikati ya kazi inasema "hakuna umeme" sawasawa na testa nzima. Katika kufungua nyaya, ardhi ndiyo ya mwisho kutoka, kama ilivyokuwa ya kwanza kuingia.

Kanuni za umeme za Marekani, NEC, sehemu ya 590, zinataka waya wa muda uondolewe mara moja kazi iliyouleta ikiisha. Naona neno "mara moja" limewekwa mahali pake. Kebo ikishakaa wiki mbili bila mwenyewe, mtu atapiga plasta juu yake.

Vinavyotoka vinafutwa zege, vinapimwa upya, na kebo yenye jeraha inakatwa vipande ili asije mtu akaiokota na kuiunga. Fimbo ya ardhi, yaani chuma kilichopigwa udongoni ambako waya wa ardhi unaishia, inang'olewa, isipokuwa imepimwa na kupokelewa rasmi kwenye mfumo wa kudumu. Halafu fundi anarudi na mchoro wa mfumo uliochorwa siku ya kwanza, wenye namba ya kila boksi na kila soketi, na kupiga mstari juu ya kila alichokishika kwa mkono wake. Namba moja ikibaki bila mstari, ukuta unapimwa kabla mpaka rangi hajaingia.